Mduara Chini ya Nyumba Yao

Kila asubuhi, kabla sijaigusa mashine, huvua hereni, saa na mkanda wenye kifungo cha chuma. Navifunga kwenye leso pamoja na simu na kumpa Redio aviweke mbali, maana chuma huichanganya rada. Redio ndiye mwenzangu wa kazi, baba wa watoto watano, mwembamba kama ufito. Tulimpa jina hilo kwa sababu hazimi.

"Leo umebakiza meno tu, dada," aliniambia asubuhi ile. "Hayo hayana chuma?"

"Hayana."

"Basi cheka kidogo. Mashine inaogopa watu wanaonuna."

Nilicheka. Nilikuwa na sababu ya kucheka kabla hata hajaniambia.

Rada yetu ni sanduku la rangi ya chungwa lililofungwa kwenye kigari cha magurudumu matatu. Unakisukuma taratibu juu ya kamba iliyonyooka, nalo sanduku linatuma mawimbi ardhini. Yakigonga kitu kilicholala huko, jiwe, shimo lililofukiwa zamani, sakafu ya udongo ulioshindiliwa, yanarudi juu na skrini inachora. Ukimaliza mstari mmoja unahamia wa pili, nusu mita pembeni, kisha wa tatu, mpaka kiwanja kizima kiishe. Ndivyo tunavyotafuta makazi ya watu walioishi kabla ya mtu yeyote wa huku kujua kuandika. Hatuchimbi kwa kubahatisha.

Na ofisini kwetu kuna sharti moja. Kabla ya kazi mpya, lazima urudie mstari mmoja wa nyuma. Picha ya leo ikifanana na ya siku ile, endelea. Isipofanana, kaa chini ujiulize umekosea wapi.

Jana yake alasiri nilikuwa nimeunganisha mistari yote ya kiwanja kile, na kompyuta ikanionyesha mduara. Madoa kumi na manne ya mashimo ya nguzo, yamepangana kama watoto walioshikana mikono, na katikati doa moja jeusi, mahali pa moto. Nyumba! Nyumba ya watu wa miaka elfu tatu iliyopita, mita nane tu kutoka langoni. Nililia peke yangu mezani. Kisha nikampigia mtu mmoja tu duniani.

Mtu huyo alikuwa mfamasia wa duka la dawa lililo mkabala na ofisi yetu. Kwa miaka miwili alikuwa wangu, ingawa hakuna aliyejua isipokuwa yeye, mimi, na Redio ambaye alijua akanyamaza, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu mwingine. Na kiwanja kile kilikuwa cha mama yake.

"Mita nane kutoka langoni?" alikuwa ameniuliza kwenye simu, badala ya kunipongeza. "Una hakika?"

"Nina hakika. Kwani vipi?"

"Hapana. Ni hapo hapo mama anataka kujenga."

Nilijua sheria, na yeye niliwahi kumweleza. Yakionekana makazi ya kale chini ya msingi, ujenzi unasimama mpaka wachimbaji wamalize, na wachimbaji wetu hutumia vijiko na brashi. Miaka hupita.

Kwa hiyo asubuhi ile nilisukuma kigari juu ya mstari wa kumi na nne, ule unaokata katikati ya mduara. Nilianzia langoni, penye vigingi vya msingi wa nyumba. Mita moja, mbili, tano, nane. Skrini ilibaki tulivu kama maji ya ndoo. Hapakuwa na shimo wala moto. Nikaendelea kusukuma mpaka kule mwisho, kwenye uzio wa nyuma, na hapo, mita nane kabla ya uzio, vilima vidogo vikaanza kuchomoza kwenye skrini, vimeinama kama bakuli zilizofunikwa.

Kigingi cha mwisho, kilichoegemea uzio, kilikuwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu nene. Sifuri. Nikaujua mwandiko.

Ilikuwa wiki iliyopita. Mfamasia alikuja kututembelea, akashika tepu ya kupimia, akasema leo mimi ndiye msaidizi wako. Badala ya kuanzia langoni kama tunavyoanza siku zote, alienda nayo mpaka kwenye uzio, akawa anapigilia vigingi huku akiita namba kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, na mimi nacheka. Kisha alipokuja kunirudishia tepu hakuuachia mkono wangu. Nikasukuma mistari yote kuanzia kwenye sifuri yake, na jioni, kwenye fomu, penye swali la mistari imeanzia wapi, mkono ukaandika "langoni" kwa mazoea, kwa sababu akili ilikuwa bado imeshikwa mkono. Kompyuta ikaamini nilichoiambia. Ramani nzima ilikuwa kichwa chini miguu juu.

Mduara ulikuwa kule nyuma kwenye magugu. Penye msingi wa nyumba hapakuwa na kitu.

Mama yake angejenga. Sisi tungechimba. Nilirudi mpaka penye msingi, nikamwita Redio aniletee simu ili nimwambie mpenzi wangu kwamba mapenzi yake yamenigeuzia ramani, na geti likafunguka.

Aliingia mama mmoja mrefu, mwalimu mkuu mstaafu, anayetembea kama mtu anayekagua foleni. Nyuma yake alikuja msichana wa rika langu, amevaa viatu vyeupe, ameshika pindo la gauni lisiguse vumbi.

"Wewe ndiye wa mashine?" aliuliza yule mama.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe baba, hebu tupishe kidogo."

Redio alinitazama. Nikatikisa kichwa kwamba haya. Akaenda kusimama chini ya ukuta na leso yangu mkononi.

Msichana alinijia kwa tabasamu la kweli kabisa. "Pole na kazi, dada. Hii ndiyo inayoona chini? Inaweza kuona maji?"

"Wakati mwingine."

"Mimi ningeogopa. Mwenzangu ananisimulia habari zako, anasema wewe ni kama dada yake." Alikanyaga kati ya vigingi viwili. "Jiko langu litakaa hapa, upande linakotokea jua. Mimi asubuhi nikikaa gizani siongei na mtu."

"Mwenzako nani?" niliuliza, ingawa masikio yalishasikia.

Alicheka, akaficha mdomo. "Jamani! Si mwanaye mama. Tumeshatambulishana kwa wazazi. Hakukuambia? Wanaume hawa."

"Mwanangu, nenda ukapime hicho chumba chenu cha kulala kwa hatua," mama alimwambia. "Usije ukalalamika kabati halienei."

Msichana akaenda, anahesabu hatua kwa sauti. Mama akanigeukia.

"Mwanangu ananiambia umeona mduara."

"Mama, kuhusu huo mduara..."

"Sijakuuliza bado." Alisubiri ninyamaze vizuri. "Najua mambo yenu. Na usiangalie chini, huko umeangalia vya kutosha. Miaka miwili, sivyo? Mwanangu hanifichi kitu. Ni kijana, alikuwa anapita njia. Sasa amefika."

Mimi nikiumia sauti hunikimbia, tangu utotoni.

"Nilitaka kukufahamu kabla sijakukataa, nisije nikakuonea. Nikaulizia. Umelelewa na shangazi. Unajua watu wa miaka elfu tatu iliyopita walilala wapi, walipika wapi, mbuzi wao walifungwa wapi. Baba yako je? Leo amelala wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Basi mimi siwezi kuwa na wajukuu ambao upande mmoja wa ukoo wao mpaka utafutwe kwa mashine."

Alilisema bila kupandisha sauti. Kule kwenye vigingi msichana alikuwa amefika hatua ya sita.

"Nilimuuliza mwanangu jana," aliendelea, "huyo msichana akiandika kwamba kuna mduara, tutafanyaje? Unajua alinijibu nini? 'Mama usihangaike. Yule nikimwomba ataandika ninachotaka.' Alikuwa anakula. Hata kutafuna hakuacha." Akapangusa vumbi kwenye mkono wa pochi yake. "Nimekuambia ili akija ujue, usije ukajenga matumaini. Haya, sema sasa. Ulitaka kusema nini kuhusu mduara?"

Ilikuwa sentensi moja tu. Ilishafika kwenye ulimi.

"Nimesahau, mama," nikasema.

Walipoondoka, yule msichana alinipungia mkono mpaka geti likafungwa.

"Dada, wamekufanya nini?" Redio aliuliza.

"Hawajanifanya kitu. Lete kamba, turudie na mstari wa kumi na tano. Nataka kuwa na hakika."

Kurudia tukarudia. Mistari sita. Saa sita mchana nilikuwa ofisini, nimegeuza ramani ikasimama sawa, nimeandika ripoti kwa ukweli wote, nimeisaini na kuigonga mhuri. Niliilaza mezani kifudifudi, nikaweka juu yake kopo la kalamu. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Uongo huo, najua vizuri sana. Nilikuwa nasubiri aje.

Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye meza mbili na feni ambayo bawa lake moja limepinda, linagonga kila likizunguka. Redio alimwona kupitia dirishani akivuka barabara. "Nikae au niondoke?" aliniuliza.

"Ondoka, kaka."

"Nitakuwa hapo nje. Nikisikia kiti kimeanguka naingia."

Aliingia na koti lake jeupe la dukani, na kichupa cha marhamu mkononi, ile anayoniletea kila vigingi vinapoichubua mikono yangu. Akavuta kiti karibu, magoti yetu yakagusana.

"Nipe mikono."

Nikampa. Mungu anisamehe, nikampa. Akaanza kunipaka kidole kimoja kimoja, kama siku zote, amekunja uso kana kwamba duniani hakuna ugonjwa mwingine zaidi ya malengelenge yangu. Nilimtazama kope. Nimezipenda kope zile hata kabla hajanisemesha.

"Mama alipita kule?" aliuliza bila kuinua macho.

"Alipita."

"Peke yake?"

"Alikuwa na mtu."

"Ah, yule. Ni binti wa rafiki yake. Mama anapenda kutembea na watu." Kidole hakikusita hata kidogo juu ya kiganja changu. "Sikiliza, mpenzi. Ule mduara. Umeshamwambia mkubwa wako?"

"Bado."

Akashusha pumzi. "Nilikuwa nataka iwe siri mpaka siku yenyewe, lakini sasa sina budi. Unajua ile nyumba mama anamjengea nani?"

"Nani?"

"Sisi."

Feni ikagonga, ikagonga. Ningeweza kumnyamazisha hapo hapo. Nilitaka asiendelee, na nilitaka aendelee mpaka usiku uingie.

"Sisi nani?" niliuliza.

"Mimi na wewe, we naye! Unadhani miaka miwili nilikuwa nacheza?"

"Nionyeshe basi. Jiko litakaa wapi?"

Alitabasamu, akachukua kalamu yangu akachora kwenye karatasi chakavu. "Hapa. Upande linakotokea jua. Si wewe asubuhi ukikaa gizani huongei na mtu?"

Mimi huamka kabla ya jua kila siku ya maisha yangu, na huamka naimba. Yeye mwenyewe aliwahi kunitania kwa hilo.

"Na chumba cha kulala?"

"Hiki. Kikubwa. Kabati ukuta mzima."

"Na watoto?"

"Wanne." Akanibana mkono. "Wa kwanza aitwe jina la shangazi yako, akiwa wa kike."

Hapo macho yalinijaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa jiko na kwa kabati. Kwa jina la shangazi sikujiandaa.

"Usilie," alisema kwa upole. "Kitu kimoja tu kimebaki katikati yetu. Futa ule mduara. Madoa kumi na manne tu, mpenzi, nani atajua? Watu wenyewe walishakufa."

"Mama yako ananikubali?"

"Anakukubali."

"Mpigie."

"Nini?"

"Mpigie sasa hivi. Weka sauti ya nje. Aniambie mwenyewe."

Mkono ukaniachia. Ndiyo mara ya kwanza uliniachia tangu aingie. "Mama saa hizi amepumzika. Ana presha, unajua."

"Basi nisubiri apumzike. Na ripoti isubiri."

Alinitazama kama mtu aliyeona kiti chake kimeamka na kusema. Hajawahi kuniona nimemwekea sharti. Kisha akatoa simu. Ililia mara tatu.

"Mama, niko naye hapa. Umo kwenye sauti ya nje." Alikohoa. "Anataka kusikia kwako. Kwamba nyumba ni yake. Kwamba unamkubali."

Nilisikia bomba la maji likifungwa huko jikoni kwake. Mwalimu mkuu hakuhitaji kuelezwa somo mara mbili.

"Mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa laini kama ya mtu mwingine kabisa. "Asubuhi jua lilinipanda kichwani, nikakusema vibaya. Sahau. Mimi sina mkwe mwingine, mkwe wangu ni wewe. Karatasi ikishatoka uje nyumbani, tukae mtu na mama yake. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Karatasi inatoka leo?"

"Leo, mama."

"Haya, mkwe wangu. Mungu akubariki."

Simu ikakatika. Mfamasia alinigeukia amenyoosha mikono yote miwili, uso unang'aa. "Umeona? Nilikuambia nini mimi?"

Mkwe wangu. Miaka miwili nilikuwa nikilifanyia neno hilo mazoezi kichwani, nitaitika vipi, nitavaa nini siku nikiitwa. Limekuja alasiri, kwenye spika ya simu iliyopasuka kioo, na nilijua bei yake ni karatasi. Hata hivyo lilinipita mwilini mzima. Ningeomba aliseme tena.

Niliondoa kopo la kalamu. Nikageuza ripoti, nikamsogezea.

Alisoma haraka, midomo inacheza. "Eneo la ujenzi: hakuna mabaki yoyote." Akafika kwenye saini na mhuri. "Ulishafuta?"

"Sikufuta kitu. Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna mduara chini ya nyumba yenu. Siku ile uliposhika tepu, ulianzia kwenye uzio. Mimi nikaandika umeanzia langoni. Ramani ikageuka. Watu wangu wako nyuma, kwenye magugu. Jengeni."

Alisoma tena tangu juu. Nikaona mabega yake yakishuka, taratibu, kama ya mtu aliyetua mzigo. Kisha akacheka. Hakuwa ananicheka mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alicheka kwa furaha tu.

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla mama yako hajafungua geti."

"Na yule... Alikuambia?"

"Alinionyesha jiko lake. Upande linakotokea jua."

Akaacha kucheka. Masikio yakamwiva. "Kwa hiyo umekaa hapo unanitazama nasema yote yale? Mpaka ukanipigisha simu kwa mama? Una roho mbaya kiasi hicho?"

"Ndiyo," nilimjibu, na nilishangaa sauti yangu ilivyokuwepo. "Nilitaka kuyasikia. Jiko, kabati, watoto wanne, jina la shangazi. Nilitaka mtu aniite mkwe. Nilijua ni uongo mtupu, nikautaka hivyo hivyo, maana kwenu sitapata kingine. Nakupenda. Nilikuwa sijawahi kukuambia kwa mdomo wangu. Sasa nimekuambia. Chukua karatasi yako."

Alisimama. Aliikunja ripoti mara mbili, kwa uangalifu, pembe juu ya pembe, akaitia kwenye mfuko wa koti. Akafika mlangoni, akasita, na nilimwona anatafuta la kuniambia. Mimi mjinga nikangoja. Nikafikiri ataomba msamaha, au angalau atatamka jina langu.

Aliponigeukia hakuwa na hasira tena. Aliongea kwa sauti ile ile anayotumia kumweleza mgonjwa vidonge vinywewe mara ngapi kwa siku.

"Ungeniambia asubuhi kwamba hakuna kitu," alisema, "nisingekuja."